Kila mteja ana simu 2147483647, na programu inakataa kuwa ni nambari tasa

Safu_ya_Simu · Jumatatu, saa tatu usiku

Habari za jioni wadau. Nina maswali mawili kuhusu nambari moja, na nashuku ni mtu na nduguye.

La kwanza. Jedwali la wateja wa duka la jumla hapa River Road, Nairobi, lina safu ya simu. Wateja walioandikwa kwa mtindo wa 07 wako sawa, ila sifuri ya mbele imetoweka. Walioandikwa kwa mtindo wa 254 (msimbo wa Kenya) wote wana simu moja: 2147483647. Hifadhidata ni MySQL 5.5, safu ni INT(11). Nimehesabu tarakimu za simu ya 254, ni 12. Nafasi ni 11. Je, tarakimu moja tu ndiyo iliyoleta balaa?

La pili. Nambari hiyo inasemekana ni tasa. Kipimo changu kwa Java ni kile cha kawaida: int i inaanza 2, inajaribu kuigawanya n, inaongezeka moja moja, na mzunguko unaendelea mradi i*i <= n. Nikiipa 1000000007 inajibu "tasa" papo hapo. Nikiipa 2147483647 inasota sekunde kadhaa kisha inasema "si tasa". Nani mwongo? Na kuna namna ya kuthibitisha kwa kalamu na karatasi, bila kuamini mashine?

---

fundi_jedwali · Jumatatu, saa tatu na nusu usiku

Hiyo si simu ya mtu, boss. Ni ukuta. INT (aina ya safu ya nambari nzima) ina biti 32, yaani nafasi 32 za 0 au 1. Ikiwa inabeba pia nambari hasi, nusu ya nafasi huenda kwa hasi, na upande wa chanya unabaki na biti 31. Biti hizo 31 zote zikiwa 1 unapata 2^31 − 1 (2 kwa kipeo cha 31, kisha toa 1), yaani bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Simu ya 2547 iliyo ndogo kuliko zote inaanzia 254,700,000,000, zaidi ya mara 118 ya ukuta. Zile za 07 ziliingia kwa sababu bila sifuri zina tarakimu tisa, hazifiki hata bilioni moja.

Ile 11 ndani ya mabano haina uhusiano na ukubwa. Ni upana wa kuonyesha tu. INT(3) na INT(11) zinabeba kiasi kilekile. Wengi wameponzwa na hiyo.

Kwa nini haikukataa? MySQL hadi 5.6, isipowekwa katika hali kali (strict mode, inayokataa data isiyoingia), ikipewa nambari kubwa mno huandika ile kubwa kabisa inayoingia, inatoa onyo ambalo hakuna anayelisoma, na kusonga mbele. Kuanzia 5.7 hali kali ndiyo chaguo-msingi, ungepata kosa 1264 na mstari wa mteja huyo usingeandikwa. Lakini hata huko, ukitumia INSERT IGNORE (ingiza, puuza makosa) utarudi palepale.

Kurekebisha:

Nakili jedwali lote kwanza. Kisha geuza safu iwe maandishi: ALTER TABLE wateja MODIFY simu VARCHAR(16). Simu ya kimataifa haizidi tarakimu 15, ya 16 ni nafasi ya alama ya +. Usikimbilie BIGINT (nambari nzima ya biti 64), ingetosha kwa ukubwa, lakini bado inameza sifuri ya mbele. Simu haijumlishwi wala haigawanywi. Ni maandishi yaliyovaa nguo za nambari. UNSIGNED (INT isiyobeba hasi) nayo inakufikisha 4,294,967,295 tu, bado mbali na bilioni 254.

Baada ya hapo, wenye tarakimu tisa waongezee 254 mbele: UPDATE wateja SET simu = CONCAT('254', simu) WHERE CHAR_LENGTH(simu) = 9. Angalia sharti hilo la 9: 2147483647 ina tarakimu kumi, kwa hiyo haitaguswa. Halafu hizo zenye 2147483647 zifanye NULL (tupu) ili zisipigiwe wala kutumiwa ujumbe.

Habari mbaya ni kwamba kugeuza aina ya safu hakurudishi kitu. Tarakimu zilizokatwa hazikuhifadhiwa popote ndani ya jedwali. Zitafute zilikotoka: fomu za karatasi, faili la awali, au taarifa ya malipo. Na kama faili hilo lilipitia Excel, fungua kwa tahadhari: 254 yenye tarakimu 12 huonyeshwa kama 2.547E+11. Tarakimu bado zimo ndani, lakini ukihifadhi kama CSV wakati safu inaonyesha hivyo, kinachoandikwa ni hicho unachokiona. Geuza muundo wa safu kwanza.

Jambo moja zaidi. Safu hiyo ingekuwa na sharti la upekee, mteja wa pili tu wa 254 angekataliwa na kosa lingejulikana siku ileile.

Hesabu za tasa nawaachia wenyewe.

---

kipeo_cha_31 · Jumatatu, saa nne usiku

Programu yako ndiyo yenye uongo, na uongo wake umetoka kwenye ukuta uleule wa fundi.

46340 mara 46340 ni 2,147,395,600. Bado iko ndani. Hatua inayofuata, 46341 mara 46341 ni 2,147,488,281, imevuka. Java haipigi kelele. Inazungusha hadi upande wa hasi na kukupa −2,147,479,015. Hiyo ni ndogo kuliko n, kwa hiyo mzunguko unaendelea. Kwa kweli hakuna int yoyote inayoweza kuwa kubwa kuliko 2147483647, kwa hiyo sharti i*i <= n ni kweli milele. i inapanda mpaka inafika 2147483647 yenyewe, inaigawanya n bila baki (kila nambari hujigawanya), na programu inashangilia kuwa imepata kigawo. Ndiyo maana ilisota. Kwa 1000000007 hukuona kosa kwa sababu mzunguko unaishia 31623, na mraba wake ni 1,000,014,129, ndani ya mipaka.

Dawa: andika i <= n / i badala ya i*i <= n. Au fanya i kuwa long (nambari nzima ya biti 64). Kwa C hali ni mbaya zaidi, maana kuvuka mpaka kwa nambari zenye alama (zinazobeba pia hasi) hakuna tabia iliyoahidiwa na lugha. Mkusanyaji (compiler) anaweza kufanya lolote.

Sasa kalamu na karatasi. Kipeuo cha pili cha nambari hii ni 46340 na ushei. Chini ya hapo kuna nambari tasa 4,792. Kugawanya mara 4,792 kwa mkono ni adhabu. Mwanahisabati Leonhard Euler alilimaliza jambo hili mwaka 1772, akiwa haoni vizuri tena, kwa kuchuja kwanza. Hivi:

Tuseme q ni nambari tasa inayoigawanya 2^31 − 1. Basi 2^31 ukiigawanya kwa q inabaki 1. Sasa andika vipeo vya 2 (2, 4, 8, 16 ...) na mabaki yake kwa q. Mabaki huzunguka kama mshale wa saa, yanarudi kwenye 1 kila baada ya hatua kadhaa zilezile. Kwa kuwa hatua ya 31 imeangukia 1, urefu wa mzunguko lazima uigawanye 31. Lakini 31 ni tasa, kwa hiyo urefu ni 1 au 31. Urefu 1 ungemaanisha 2 yenyewe inaacha baki 1, na hilo haliwezekani. Basi ni 31. Tena, kanuni ndogo ya Fermat inasema hatua ya q − 1 pia huangukia 1. Kwa hiyo 31 inaigawanya q − 1. Na q ni witiri, kwa hiyo q − 1 ni shufwa. Hitimisho: q ina sura ya 62k + 1.

Chujio la pili: 2^31 inaacha 1, kwa hiyo 2^32 inaacha 2. Lakini 2^32 ni mraba wa 2^16. Yaani 2 ni baki la mraba fulani kwa q, na hilo hutokea pale tu q ikigawanywa kwa 8 inabakiza 1 au 7.

Unganisha mawili hayo: q ikigawanywa kwa 248 lazima ibakize 1 au 63. Hadi 46340 kuna nambari 373 za namna hiyo, na 63 yenyewe ni 7 mara 9, itupe. Zimebaki 372, na nyingi kati ya hizo zinaanguka kwa jicho tu: 249 inagawanyika kwa 3, 497 kwa 7, 559 ni 13 mara 43, 745 inaishia na 5. Za kwanza unazolazimika kuzijaribu ni hizi:

311: inaingia mara 6,905,092, inabaki 35.
1303: inabaki 226.
1489: inabaki 199.
2543: inabaki 1523.

Endelea hivyo hadi 46340. Hakuna inayoacha sifuri, na hapo kesi imefungwa. Kosa ambalo wengi hulifanya ni kuruka nambari kama 2047 kwa kukisia tu, bila kuihakiki. 2047 iko kwenye orodha, na ni 23 mara 89. Si lazima uijaribu, ila lazima ujue kwa nini umeiacha.

Usidhani chujio linaleta majibu ya "tasa" tu. Kwa 2^29 − 1 sura ni 58k + 1, na ya kwanza kupita chujio na kuwa tasa ni 233. Inaigawanya. 536,870,911 ni 233 × 1103 × 2089. Kabla ya Euler, mwanahisabati Pietro Cataldi alidai kwamba vipeo 23, 29, 31 na 37 vyote vinatoa tasa. Kwa 31 alipatia, kwa vitatu vilivyobaki alikosea. Kubahatisha kuna siku yake.

---

nusu_mkate · Jumatatu, saa nne na nusu usiku

Mbona mnazunguka sana? Kanuni ya Fermat mmeshaitaja. Kokotoa 2^(n−1), gawanya kwa n, ikibaki 1 basi ni tasa. Kwa kurudia kupiga mraba ni hatua 30 hivi. Nimejaribu, inabaki 1. Imekwisha.

---

kipeo_cha_31 · Jumatatu, saa tano kasorobo usiku

Hapana, na kwa familia hii ya nambari ndipo kipimo hicho kinapofeli vibaya kuliko popote. Kila nambari ya sura ya 2^p − 1, p ikiwa tasa, hukipita kipimo cha Fermat cha 2, iwe tasa au isiwe.

Angalia: n = 2^p − 1, kwa hiyo 2^p inaacha 1. Na n − 1 = 2^p − 2, ambayo p inaigawanya (kanuni ya Fermat hiyohiyo). Basi 2^(n−1) ni 2^p iliyopandishwa kipeo fulani, na 1 ukiipandisha vyovyote inabaki 1. Jaribu 2047: 2046 ni 11 mara 186, kipimo kinasema "tasa", na tumeshaona 23 × 89.

Hata kipimo kikali zaidi cha Miller na Rabin kikitumia 2 pekee kinadanganywa na 2047. Kikitumia 2, 3, 5 na 7 kwa pamoja hakikosei kwa nambari yoyote chini ya 3,215,031,751, na hiyo inaifunika yetu. Kwa hiyo ukitaka njia ya mashine, tumia hizo nne. Usitumie 2 peke yake.

---

nusu_mkate · Jumatatu, saa tano kamili usiku

Nimenywea. 2^11 nimeijaribu, kweli inabaki 1.

---

bi_kokotoo · Jumanne, saa moja asubuhi

Kaka kipeo amemaliza upande wa Euler. Nami naongeza njia ambayo haihitaji orodha ya vigawo: kipimo cha Lucas na Lehmer. Lucas alikianzisha miaka ya 1870, Lehmer akakinyoosha miaka ya 1930. Kinafaa kwa 2^p − 1 tu, p ikiwa tasa na witiri. Usikipeleke kwa nambari nyingine.

Anza na 4. Piga mraba, toa 2, gawanya kwa n, chukua baki. Rudia. Baada ya hatua p − 2 ukipata sifuri, n ni tasa. Usipoipata, si tasa. Hakuna "labda". Kwa 31 ni hatua 29.

4, 14, 194, 37634, 1416317954, hadi hapo hujahitaji kugawanya hata mara moja. Hatua ya tano ndiyo inavuka. Lakini hata hapo usigawanye! Kwa kuwa 2^31 huacha baki 1, unaikata nambari kubwa vipande viwili penye 2^31 na kuvijumlisha. Mraba wa 1416317954, ukitoa 2, ni 2,005,956,546,822,746,114. Kwa 2^31 hiyo ni 934,096,307 na baki 1,883,058,178. Jumlisha viwili hivyo: 2,817,154,485. Imezidi n, toa n mara moja: 669,670,838. Hilo ndilo jibu la hatua ya tano. Kwenye mashine kukata huko ni kusogeza biti 31 tu, bila kugawanya, na ndiyo sababu familia hii ya nambari inapendwa.

Hatua ya sita inatoa 1937259419, ya saba 425413602, kisha ni kupanda na kushuka bila mpango unaoonekana, mpaka mwishoni: hatua ya 27 ni 1181536708, ya 28 ni 65536, ya 29 ni 0. Hiyo 65536 inafaa kutazamwa vizuri. Ni 2^16. Mraba wake ni 2^32, ukitoa 2 unapata mara mbili ya 2^31 − 1 kamili. Ndipo sifuri inapotokea, unaweza kuihakikisha hata kwa kidole.

Yanayoharibika:

Idadi ya hatua. Anayehesabu 4 kama hatua ya kwanza anasimama kwenye 65536 na kusema si tasa. Anayezidisha hatua moja anapita sifuri: 0 inakuwa −2, yaani 2147483645, kisha 2, kisha 2, 2, 2 daima. Ukiona mfululizo wako umeganda kwenye 2, umepitiliza kituo.

Aina ya nambari. Mraba hapa unaweza kukaribia 2^62, kwa hiyo long ya biti 64 inatosha, int haitoshi. Na double (aina ya nambari za desimali) isijaribiwe: inashika nambari nzima kwa uhakika hadi 2^53 tu, ukivuka hapo tarakimu za mwisho zinapotea na sifuri hutaiona kamwe. Excel ni hadithi hiyohiyo, inaishia tarakimu 15.

Kwa kikokotoo cha mfukoni cha tarakimu kumi huwezi moja kwa moja. Igawe nambari vipande vya tarakimu tatu au nne na uzidishe vipande kwa vipande. Ni kazi ya mchana mzima, na hesabu moja ikikosewa hutajua mpaka mwisho. Katikati, hakikisha kila mraba kwa kutoa tisa: jumla ya tarakimu za pande zote mbili zilingane baki kwa 9.

---

Safu_ya_Simu · Jumanne, saa mbili asubuhi

Asanteni sana. i <= n / i inajibu "tasa" kabla sijaondoa kidole kwenye kibodi. Swali dogo: kuwa tasa kunamsaidia nani? Ukuta ungekuwa 2147483645 kompyuta ingejali?

---

bi_kokotoo · Jumanne, saa mbili na nusu asubuhi

Ukuta wenyewe haujali, umetokana na biti. Lakini kwa kuwa imetokea kwamba ukuta ni tasa, watu waliutumia kuzalisha nambari za kubahatisha. Njia ni ya Lehmer yuleyule: chukua mbegu (nambari ya kuanzia), zidisha kwa kizidisho, chukua baki kwa 2147483647, rudia. Stephen Park na Keith Miller mwaka 1988 walipendekeza kizidisho 16807, na mpaka leo C++ inacho kwa jina minstd_rand0.

Kwa nini 16807? Nambari ikiwa tasa, mabaki kutoka 1 hadi 2147483646 yanaweza kupitiwa yote, kila moja mara moja, kabla ya kurudi mwanzo, mradi kizidisho kichaguliwe vizuri. Kigezo kiko kwenye n − 1:

2147483646 = 2 × 3² × 7 × 11 × 31 × 151 × 331

Unakichukua kizidisho, unakipandisha kipeo cha (n − 1) iliyogawanywa kwa kila kimoja cha vigawo hivyo saba. Kikitoa 1 hata mara moja, mzunguko wake ni mfupi, kitupe. 7 ndiyo ndogo kuliko zote inayopita, na 16807 ni 7^5. Kwa kuwa 5 haimo kwenye orodha ya vigawo hapo juu, kupandisha kwa 5 hakufupishi mzunguko. Ungetumia 7^3 = 343, mzunguko ungekatika hadi theluthi, maana 3 imo.

Ukianza na mbegu 1: 16807, 282475249, 1622650073, na kuendelea. Ya elfu kumi ni 1043618065. Ukipata tofauti, programu yako ina kosa. Kosa lenyewe karibu kila mara ni ukuta tena: 282475249 × 16807 ni 4,747,561,509,943, haingii biti 32. Zamani walikwepa kwa hila ya Schrage: n = 16807 × 127773 + 2836, kwa hiyo unaigawanya mbegu kwa 127773 kwanza, unazidisha baki kwa 16807, unatoa jibu la mgao mara 2836, na ikitoka hasi unaongeza n. Siku hizi tumia long tu.

Mbegu isiwe 0, itakaa 0 milele. Wala isiwe 2147483647, ambayo hapa ni sifuri iliyojificha. Na usiitumie kwa namba za siri au bahati nasibu ya duka: anayeona nambari moja anazijua zote zinazofuata.

---

fundi_jedwali · Jumanne, saa tatu asubuhi

Kabla hujafunga jedwali hilo, Safu, angalia safu za tarehe na za pesa pia.

Tarehe: mifumo mingi huhesabu sekunde kuanzia 1 Januari 1970 saa sita usiku ya UTC (saa za kimataifa), ambayo kwa Nairobi ilikuwa saa tisa usiku. Sekunde ya 2147483647 itaangukia Jumanne, 19 Januari 2038, saa 06:14:07 ya saa za Nairobi, kwa Kiswahili saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi. Penye biti 32 zenye alama, sekunde inayofuata inarudi 13 Desemba 1901. Safu ya tarehe ya aina ya TIMESTAMP katika MySQL inaishia hapohapo; ya aina ya DATETIME haina tatizo hilo. Usiseme 2038 ni mbali. Mkopo wa nyumba wa miaka 20 ukisainiwa leo, tarehe ya malipo ya mwisho imeshavuka. Jaribu kuingiza 20 Januari 2038 kwenye jedwali la majaribio uone.

Pesa: ukihifadhi kwa senti kwenye INT, ukuta ni shilingi 21,474,836 na senti 47. Kwa mauzo ya siku ya duka ni nafasi tele. Kwa jumla ya mwaka, au kwa chama kinachonunua shamba, si tele. Hapo ndipo BIGINT, au DECIMAL, ina kazi yake.

---

nusu_mkate · Jumanne, saa tatu na nusu asubuhi

Na je, 2 ikipandishwa kipeo cha nambari hii yenyewe, kisha ukatoa 1? 3 ilitoa 7, 7 ikatoa 127, 127 ikatoa tasa nyingine kubwa. 31 imetoa hii yetu. Mwendo unaendelea?

---

kipeo_cha_31 · Jumanne, saa nne asubuhi

Swali zuri, ila jibu ni hapana. 2^2147483647 − 1 ina tarakimu 646,456,993, usijaribu kuiandika, lakini kuiangusha ni rahisi kuliko kuiandika. Chujio lilelile la Euler: kigawo chochote lazima kiwe na sura ya 2 × k × 2147483647 + 1, na kikigawanywa kwa 8 kibakize 1 au 7. Weka k = 68745. Unapata 295,257,526,626,031, ambayo kwa 8 inabakiza 7. Na inaigawanya.

Kuhakikisha: 2147483647 kwa biti ni moja 31 mfululizo. Anza na 2, kisha mara 30: piga mraba, zidisha kwa 2, chukua baki kwa 295257526626031. Mwishoni lazima upate 1. Miraba hapo katikati inafika tarakimu 29, kwa hiyo hata long inavuka ukuta wake. Tumia BigInteger ya Java, ambayo haina ukuta huo.

Upande mwingine wa familia una habari njema. Zidisha 2^30 kwa nambari yetu: 2,305,843,008,139,952,128. Hiyo ni nambari timilifu, vigawo vyake vyote ukiiacha yenyewe vinajumlika kuwa yenyewe, kama 6 ilivyo 1 + 2 + 3. Ni ya nane katika mfululizo, na inaingia kwenye BIGINT bila kubanwa.